Nyota Tano za Husna

Kila Jumapili redio moja ya mji wa Baraka husoma hadithi mbili za wasikilizaji, kisha watu hutuma nyota kwenye kundi la watsapu: moja kwa hadithi mbaya, tano kwa iliyo nzuri kabisa.

Tania, fundi cherehani mzaliwa wa Lulimba, alikuwa ameandika juu ya mwanamke anayemtafuta mumewe machimboni. Wengi walimpa nyota tatu. Husna, mke wa Nuhu mwenye mitumbwi ya injini, aliandika juu ya wajane wawili wanaogombea kaburi moja. Nyota tano zilimiminika kama mvua. Hadithi ilikuwa bado inasomwa, na majirani walikuwa wanacheka kwa furaha. Tania akazima redio.

Kesho yake alimwendea mtangazaji, Wilfried.

"Kwetu Lulimba banasikiliza, lakini rezo ya simu hakuna. Batatuma nyota na nini?"

"Mi nahesabu zenye zinafika, dada."

"Na zenye zinafika ni za batu ya Nuhu! Abiria, wachuuzi, mpaka bale banakopa samaki kwake."

Wilfried alirudi kwenye kipaza sauti chake. Tania akarudi nyumbani. Aliiona picha ya Husna kwenye kundi, kilemba cha hariri, tabasamu la mtu asiyekosa kitu. Akampa nyota moja. Akachukua na simu ya kaka yake Roger, akampa moja nyingine.

Siku chache baadaye Husna aliingia kibandani kwa Tania na kitambaa cha kushonesha begani. Hakukifungua.

"Niliona nyota yako, Tania."

Mkasi ulisimama katikati ya nguo.

"Usiogope. Nani atapatia bibi ya mwenye mitumbwi nyota moja? Bote banasema muzuri, muzuri. We peke yako hukuogopa. Sasa uniambie, nilikosea wapi?"

Tania alitafuta kosa. Angeweza kulibuni. Lakini yule mama alikuwa amesimama mbele yake akingoja kwa dhati, kama mwanafunzi.

"Sikusikiliza mpaka mwisho, mama."

Uso wa Husna ulibadilika. "Kumbe na we uko kama bale bengine," alisema polepole. "Bale banapenda bila kusikia, we unachukia bila kusikia." Akageuka kutoka.

"Ikala," Tania alimwita, akimsogezea benchi. "Unisomee."

Husna alisita, kisha akaketi, akafungua simu, akasoma. Mwanzo ulikuwa na harusi ndefu isiyo na kazi, na Tania alifurahi kimoyomoyo. Lakini wajane walipofika makaburini na kumkuta mwanamke wa tatu, jembe mkononi, akipalilia kaburi lile bila kusema neno, furaha ile ikamwisha. Alijua kwamba yeye asingeweza kulibuni jambo hilo. Wivu ulimuuma kuliko siku ya nyota.

"Ile harusi uitoe," alisema hatimaye. "Pale kwa jembe usiguse. Hata neno moja."

Husna alifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akacheka. "Na nyota ngapi sasa?"

"Nyota ine," Tania alijibu, akainamia cherehani. Ya tano ilikataa kumtoka mdomoni.