Mlango Mfupi wa Mlimani

Kila msafara ulipofika kwenye majani yaliyo juu ya mto, kiongozi wa watalii aligeuka akasema, “Hapa tuiname.” Wengi waliinama. Wajuaji, ambao hawakosekani, waliona majani na upepo tu, wakapiga hatua, wakajigonga paji la uso. Ndiyo maana mkobani mwake hakukosa dawa ya uvimbe.

Pale palikuwa nyumbani kwao binti huyo. Mlima ulipofanywa hifadhi, watu walishushwa bondeni na nyumba zikavunjwa. Kuta zilikwenda, milango ikabaki, ingawa haionekani kwa macho. Wa kwao ulikuwa mfupi kuliko yote, kwa sababu marehemu baba yake aliukata hivyo makusudi, ili kila anayeingia aanze kwa kuinama, awe mkubwa, awe mkwe.

Mama yake alikuwa akiishi naye bondeni, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya gereji, na hakuwahi kukizoea.

“Nirudishe kwangu,” alisema asubuhi moja. “Nimechoka kuwa mgeni.”

“Nikimwacha mtu mlimani nafukuzwa kazi, mama.”

“Kwani nimesema uniache? Nipeleke tu. Kubaki nitabaki mwenyewe.”

Binti alimwazima viatu vya kupandia, akamchanganya na watalii watano. Bibi kizee akatangulia mbele, vijana wenye fimbo za mlimani wakimfuata ulimi nje. Mlangoni alipiga hodi, akavua viatu, akainama, akaingia. Hakuonekana tena. Baada ya muda moshi wa kuni ulipanda kutoka majanini, na watalii wakaupiga picha.

“Mama, geti linafungwa saa kumi na mbili.”

“Na lifungwe,” mama alijibu kutoka ndani.

Getini askari aliwahesabu. “Mmoja yuko wapi?”

“Amefika kwake.”

“Kwake wapi? Humo hairuhusiwi kuishi.”

“Najua. Mwambie wewe.”

Kesho yake mkuu wa hifadhi alipanda mwenyewe kwenda kumtoa. Alijigonga mara mbili, na mara ya tatu akainama. Alikaa ndani mpaka chai ikaisha, akatoka akijifuta mdomo. Mama angebaki, alisema, kwa kuwa watalii wangependa kumwona. Binti angeendelea na kazi. Ila kulala mlimani ni marufuku kwa wengine wote, na undugu si kibali. Wiki ile ile bango likasimikwa: ANGALIA KICHWA.

Sasa misafara hupumzika pale. Watalii hupiga hodi, na mama hujibu, “Karibuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone,” kisha hucheka peke yake. Binti huingia wa mwisho. Ndani kitanda chake cha utotoni kimetandikwa, shuka limekunjwa upande mmoja, tayari kwa mtu kulala. Kila mara hukitazama, na kila mara roho humuuma.

“Leo utalala?” mama huuliza.

“Geti, mama.”

“Haya. Chukua viazi, basi, usiende mikono mitupu. Na ukitoka funga mlango, baridi inaingia.”

Binti huweka viazi mkobani, juu ya dawa ya uvimbe, akatoka ameinama. Watalii husimama kumsubiri. Mbao zimevimba kwa mvua nyingi, kwa hiyo huuvuta mlango kwa mikono miwili mpaka ufungike, akiwa upande wa nje.