Kipande Kilichozeeka Kwenye Nta

Mama alikuwa jikoni akipika malida, kile chakula kitamu cha shukrani, Truphosa wa maabara alipopiga hodi. Nilimkumbuka, ndiye aliyetupokea tulipokwenda kuomba kipimo cha jeni. Kola yake ilikuwa imelowa jasho, na hata salamu hakungoja.

"Dada Mahjabeen," akanong'ona, "yale majibu ya mama yako, Bi Akila, msiyafuate."

Nikatoka nje nikaurudisha mlango nyuma yangu. Mimi si mpole, mtaa mzima huu wa Mji wa Kale wanijua, na siku hiyo sikujaribu hata kujizuia.

"Tusiyafuate vipi? Daktari katupigia simu mwenyewe, miezi miwili sasa. Kasema jeni za ile saratani zimelala, Mama hana haja ya dripu za dawa. Kesho twenda kuagana naye tu!"

"Najua ni kesho. Ndiyo maana nimekuja leo."

Miaka tisa nyuma Mama alitolewa uvimbe kwenye titi. Mwaka huu kivimbe kingine kikajitokeza kando ya kovu. Daktari akataka kuchoma sindano avute kipande kikapimwe, Mama akakataa katakata. Dada yake, Masi Areeba, alichomwa sindano kama hiyo na hakumaliza mwaka. Tangu hapo kwetu ni jambo lisilo na mjadala: saratani ukiichokoza, inatapakaa. Mama akamwambia daktari, kile kipande cha zamani si mlikiweka? Basi kipimeni hicho. Kweli kilikuwepo, kimehifadhiwa kwenye nta katika ghala la maabara kule Shimanzi. Daktari alibishana naye wee, mwisho akakubali shingo upande.

"Kipande kimezeeka," Truphosa akasema. "Jeni ikifanya kazi inaacha alama ndani ya nyama, na sisi tunahesabu hizo alama. Nta inatunza umbo la nyama, lakini alama zinakatikakatika kadiri miaka inavyopita, tena chini ya mabati yenye joto lile. Zikishakatika, mashine inasoma kwamba jeni imelala."

"Na kama imelala kweli?"

"Kuna jeni zisizolala kwa mtu yeyote. Tunazipima pamoja na zile nyingine ili tujue kama kipande bado ni kizima. Cha Bi Akila, hata hizo zilisomeka kama zimelala. Ukipigia simu nyumba nzima na hakuna hata mmoja anayepokea, huwezi kusema mtoto fulani amelala. Ni laini imekatika. Majibu yale hayakupaswa kutoka, na yalitoka. Nikavitafuta vipande vingine vya umri ule, vya watu waliopimwa zamani vikiwa vipya. Nikavipima upya. Alama za vyote zimeshuka."

"Wakubwa wako ndio waliokutuma?"

"Wanasema tungoje kikao. Sasa kesho yenu itangoja kikao?"

Nilitamani kumsukuma ngazini. Hasira zilinipanda kwa sababu nilikuwa nimeanza kumwamini. Mama alikuwa ameanza kula vizuri, alikuwa ameanza kugombana na wauza samaki kama zamani. Nani angemwambia?

"Enda zako. Ntamwambia mwenyewe."

"Leo?"

"Enda!"

Sikuwa na nia ya kumwambia, na nadhani aliliona hilo usoni mwangu, maana hakusogea. Hapo mlango ukafunguka. Mama alikuwa na mwiko mkononi.

"Mahjabeen, tangu lini twawasimamisha wageni ngazini? Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Pita ndani."

"Ana haraka," nikadakia. "Basi lake laondoka Mwembe Tayari sasa hivi."

"Sina basi," Truphosa akasema, akapita mbele yangu.

Akamweleza yote, polepole, kama alivyonieleza mimi. Mama alisikiliza akiwa amesimama. Mwiko ulikuwa ukidondosha samli sakafuni na hakuna aliyejali. Nilimwangalia yeye tu, nikingoja aanguke.

"Mwamchezea mgonjwa!" nikapiga kelele. "Juzi mzima, leo hamjui! Na hiyo sindano ikiutapakaza ugonjwa, utakuja kutuandalia matanga?"

"Sindano si ya kuogopwa hivyo," Truphosa akajibu. "Mimi naogopa kungoja. Kipande kipya, cha leo, ndicho kitakachosema kweli. Sijui kitasema nini, Mama. Sikudanganyi."

"Toka nje!"

"Mahjabeen." Mama alilitamka jina langu kwa upole.

Akaenda kuzima jiko. Akarudi, akaketi kwenye kochi, akaniita nikae karibu yake. Akaushika mkono wangu, akauingiza chini ya rida, lile vazi lake la kujisitiri, kando ya lile kovu. Majibu yalipokuja, kile kivimbe kilikuwa kama mbaazi, nilikigusa mwenyewe siku ile. Sasa vidole vyangu vilikuta kitu kigumu ukubwa wa popoo ya kutafuna, na pembeni yake kingine.

Nikavigusa tena, kimoja kimoja.

"Nimeuona ukikua," Mama akasema. "Kila nikioga nauona. Nikajiambia, wasomi washasema umelala, mie ni nani."

"Mbona hukunambia, Mama? Mbona hukunambia?"

"Ulikuwa wacheka tena," akasema. "Tangu babako atutoke sijakusikia ukicheka. Nikasema, basi, na acheke."

Mkono wangu ulikuwa bado pale pale, na machozi yalikuwa yakinitoka mbele ya mgeni niliyemfukuza mara tatu. Mama akanipangusa kwa ncha ya rida yake, kisha akamgeukia Truphosa na kumuuliza hiyo sindano huingilia upande gani.