Pete ya Mfupa

Jumanne moja, saa kumi alasiri, Mramba alilaza fimbo nne juu ya meza ya pool ya Harith mjini Garsen, akachora kwa chaki mahali pa kuweka mpira mweupe. Alitaka kujua pete ipi ni bora. Pete yenyewe si kitu kikubwa: ni kipande kifupi kama kucha ya kidole gumba, kinachokaa kati ya ngozi ya ncha na mti wa fimbo, ili mti usipasuke kila ukigonga. Harith alikuwa amechoka kuagiza fimbo mpya Malindi, na Mramba ndiye fundi wake.

Fimbo ya kwanza aliivika pete ya bomba la maji, ya pili aluminiamu ya sufuria, ya tatu shaba ya kufuli bovu. Ya nne ilikuwa ya mfupa. Mafuriko yalipopungua kule kwao Idsowe, ukingo wa mto ulijaa mifupa ya ng'ombe waliokufa kiangazi, na mifupa ya namna hiyo haina mwenyewe. Mramba aliokota mmoja mwembamba kando ya shamba lililokuwa lao, akadhani ni wa ndama. Ulikuwa na nundu pale ulipowahi kuvunjika ukaunga. Aliisaga nundu kwa tupa, akapuliza unga, akakata pete moja, na vipande vilivyobaki akavirudisha mtoni.

Alipiga kwa kila fimbo mara kumi, kwa nguvu ile ile, mpira uende ukingo wa mbele na kurudi. Pete ya bomba ilipata ufa kwa pigo la saba. Aluminiamu ilikwaruzika, ikaacha weusi kwenye vidole. Shaba ilikuwa nzito, mpira ukaruka ovyo. Ya mfupa ilitoa sauti kavu na fupi, sauti ambayo kila fundi huitafuta, na mpira ukaondoka umenyooka. Ulipofika katikati ya meza ukakata kushoto, ukaenda kuegemea ukingo aliposimama Mzee Mangi na soda yake.

Mramba akarudia, ukaenda pale pale. Harith akaleta glasi ya maji kupima kama meza imelala upande, haikulala. Mzee Mangi, mwenyekiti wa kamati ya mashamba, mtu wa kupita hapo kila jioni, alihamia upande wa pili ili asimzuie fundi. Mpira ukamfuata. Alipotoka kupokea simu, uliegemea ukingo wa mlangoni mpaka aliporudi. Harith akasema basi ya mfupa ndiyo bora, maana haina ufa, akaitundika ukutani pamoja na nyingine.

Watu wa Garsen wameona mengi. Kufikia Ijumaa sheria ilikuwa imeandikwa ukutani kwa chaki: Mpira ukienda kwa Mwenyekiti, rudia. Waliokuwa na barua za kutiwa sahihi waliacha kumpigia simu. Walipita kwanza pale kutazama mpira umeelekea wapi. Mwenyewe hakukasirika. Alisema kila kitu hapa mjini mwisho huja kwake, kwa nini mpira usije.

Wiki iliyofuata Liban, mfugaji anayeleta maziwa mjini, aliishika fimbo ile akauliza ni mfupa wa nini. Mramba akamweleza habari za ndama na ile nundu.

"Ndama gani hiyo?" alisema Liban. "Sisi ng'ombe ikivunjika mguu tunachinja siku hiyo hiyo. Hakuna ya kungoja ipone."

Akainama, akapiga. Mpira ukaenda kwa Mzee Mangi.

Mramba aliketi kwenye kreti la soda. Kaka yake Fondo aliwahi kuanguka kutoka juu ya mnazi aliokuwa akigema, akavunjika muundi wa kulia. Mama yao, Mbeyu, alimfunga vijiti miezi miwili, na mfupa ukaunga ukiwa na nundu ambayo Fondo aliwapa watoto waishike. Miaka mitatu iliyopita Fondo alikataa kutia kidole kwenye karatasi za shamba la ukingoni. Asubuhi moja Mzee Mangi alikuja kumchukua wakaonyeshane mipaka, akarudi peke yake, akasema kijana amedandia lori kwenda kutafuta kazi. Sasa shamba lina waya wa Mzee Mangi, na migomba yake imestawi kuliko yote ya Idsowe. Mama Mbeyu hakukaa matanga, maana hapakuwa na cha kuzika, na kila jioni bado alimbakizia Fondo sahani ya sima. Mramba alijichukia jioni ile, kwa sababu mkono ulioisaga ile nundu kwa tupa ulikuwa wake.

Alipomwambia mama yake, mama aliuliza kipande kilichobaki kina ukubwa gani. Mramba akamwonyesha kucha yake. Mama akasema kinatosha kaburi, aende akakilete.

Harith alipoelezwa, hakubisha. Ni Mzee Mangi aliyemshika Mramba bega alipokuwa akiitundua fimbo.

"Mzikeni," alisema kwa upole. "Sanda nitanunua mimi, na fahali wa matanga nitatoa. Apumzike, na huu mpira nao unyooke."

Waliokuwapo waliona ni maneno ya mtu mzima. Mwenye nguvu mpishe, na huyu alikuwa anatoa na fahali. Mramba alipofika nyumbani na fimbo, mama alikuwa ameshasafisha mahali chini ya mkorosho. Aliposikia kuna fahali wa matanga, akauliza anatoka kwa nani. Alipoambiwa, aliweka jembe chini, akajifunga leso, akasema wapande boda waende Garsen.

Hakuwa amewahi kuingia mahali pa pool. Mzee Mangi alimpisha kiti chake mwenyewe.

"Piga," mama alimwambia Mramba.

Mpira ulikwenda kwa Mzee Mangi. Aliuokota, akampa mama kwa mikono miwili.

"Pole, Mama Fondo."

Mama aliushika. Ulikuwa ukimsukuma vidole kuelekea alikosimama yule mzee. Akaurudisha kwenye alama ya chaki.

"Piga tena."

Hiyo ilikuwa Machi. Mzee Mangi bado ni mwenyekiti, na waya uko pale pale. Askari wawili hucheza hapo Jumamosi, na wakiishika fimbo ya nne huifuata sheria ya ukutani kama wenzao. Mama Mbeyu huja kila siku saa kumi na sahani ya sima iliyofunikwa, huiweka juu ya kreti, huketi.

Ngozi ya ncha huisha upesi kwa mapigo hayo yote, na kila ikibadilishwa, sharti pete isagwe kidogo ili mpya ikae sawa. Mramba ameipima. Imebaki nusu ya ilivyokuwa. Amemwambia mama yake kwamba kabla ya mwaka kwisha haitakuwapo, na chini ya mkorosho hakutakuwa na cha kuweka.

Mama hutazama mpira uliko, kisha humtazama Mzee Mangi.

"Piga tena," husema.

Mramba hupaka ncha chaki, akapiga.