Mbwa wa Shangazi Wanazaliana

Jamani, ngojeni niweke mkoba chini, niwasimulie!

Mwalimu wetu wa fasihi simulizi, yule tunayemwita Nukta kwa sababu akisema amesema, alitutaka kila mmoja arekodi fanani, yaani msimulizi hai, akitoa kisa cha shujaa. Ukifeli, unarudia mwaka. Nikasema fanani nimtafutie wapi, wakati shangazi yangu fundi cherehani mdomo wake hauna breki?

Nikamrekodi mara mbili, eti kwa uhakika. Nikajiponza. Kisa ni kilekile: alivyovamia kwa shemeji yake kuikomboa cherehani yake. Mara ya kwanza mbwa wawili. Mara ya pili sita, mmoja ana chongo!

Nukta akasikiliza zote, akavua miwani. "Binti, umetunga. Fanani gani hajui idadi ya mbwa wake? Mlete Ijumaa, la sivyo sifuri."

Ijumaa shangazi huyo darasani, tepu ya kupimia shingoni.

"Ni wewe unayemwita mwanangu mwongo?"

"Mama, nataka idadi sahihi tu."

"Idadi? Kaa kitako, baba."

Nukta akakaa! Shangazi akaanza na majigambo: "Ni mimi mkata vitambaa, mkata ngebe!" Mbwa wakafika kumi na mmoja. Kila akiwataja, darasa zima tunaitikia, "Hau! Hau!" Ndiyo takriri hiyo, wenzangu wanaiandika huku wanabweka. Cherehani kichwani, mbwa wamemzunguka, geti limefungwa, shemeji anakuja na panga...

Akakatizia hapo. Shangazi anakunja tepu yake polepole.

"Ikawaje?"

Mnajua nani kauliza? Nukta! Kasimama, chaki imemvunjikia mkononi.

"Mwanangu kapasi?"

"Mama, kuna utaratibu..."

"Haya, mie nina gauni la bibi harusi linaningoja." Akashika kitasa.

"Kapasi! Kapasi!" Akasaini karatasi yangu palepale. Shangazi akaikagua saini, ndipo akamalizia kisa: akaruka geti na cherehani yake. Darasa likalipuka, Nukta anapiga makofi kuliko sote.

Kwenye ngazi nikamnong'oneza, "Shangazi, kweli walikuwa wangapi?"

"Nani?"

"Mbwa!"

"Mbwa gani? Shemeji aliniletea cherehani mwenyewe, nikampa chai. Alikuwa na paka. Mzee, meno hana."

Sasa nyie, chonde, hiyo ya paka iishie humu humu. Karatasi yangu bado haijafika ofisini.