King'ora cha Madamu

Wataalamu walipochomeka vigingi vya chuma vilivyounganishwa kwa waya mlimani juu ya kijiji, upande wa Nangwa, walieleza vizuri kabisa. Mvua za siku hizi si zile za zamani. Mlima ukisogea, waya utavutika, king'ora kitalia, kila mtu akimbilie kanisani, kule kwenye kilima cha pili. Mama Marieta alipiga makofi kuliko wote. Kesho yake akamfunga ng'ombe wake, Madamu, kwenye kigingi. Jamani, chuma kizuri hivyo, kimesimama bure katikati ya majani, wewe ungefanyaje?

Madamu akafuata majani. King'ora kikalia. Watu wakakimbia na magodoro, kuku na sufuria za makande. Kissa, afisa wa maafa aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, akapanda mlimani akihema, akamkuta Madamu anacheua.

"Shikamoo mama. Huyu ni wako?"

"Marahaba mwanangu. Ni wangu. Nikukamulie kidogo?"

Marieta aliahidi kutomfunga tena kwenye kigingi kile. Akahamia cha pili. Mwishowe kijiji kikazoea. King'ora kikilia, watu wanainjika chai. Mkutano ukapitisha, mikono yote juu, kwamba mlima hauruhusiwi kusogea Madamu akiwa malishoni. Kissa alitoka mkutanoni akilia machozi.

Asubuhi moja, mvua ikiwa haijakatika tangu juzi, Marieta alikuwa zizini anakamua. King'ora kikalia.

"Madamu huyo tena!" jirani yake Tluway akacheka kutoka jikoni.

Marieta naye akacheka. Kisha akatazama chuchu ya Madamu iliyokuwa mkononi mwake. 

"Kimbieni!" akapiga kelele.

"Kamfungue ng'ombe wako, mama!" wakamjibu.

Angeweza kukimbia peke yake. Badala yake alimburuta Madamu kwenye tope, mlango kwa mlango, akimwingiza kichwa ndani. "Mtazameni! Huyu hapa! Sasa huko juu analia nani?"

Aliyemwona ng'ombe hakuuliza tena.

Walipofika kanisani, mlima ulishuka ukabeba zizi, jiko la Tluway na vigingi vyote. Marieta akasimama mbele ya Kissa akisubiri kugombezwa. Kissa akampapasa Madamu shingoni.

Tluway alifika mwisho, mtoto mgongoni, tope hadi kiunoni. Hakumsalimu mtu. Akapiga magoti mbele ya ng'ombe.

"Shikamoo, Madamu."

Marieta alitaka kumwitikia kwa niaba ya ng'ombe, lakini akaangua kilio.