Mlio Uliofifia Kifuani

Fundi wa makochi alikuwa na vali ya chuma, kilango cha kupitisha damu, ndani ya moyo. Madaktari walimwekea baada ya ile ya kuzaliwa nayo kuharibika, na tangu hapo kifua chake kililia ti, ti, ti, kama saa ya ukutani. Majirani walimbandika jina la Bwana Saa, naye akalipenda. Mkewe, aliyeshona foronya kwenye kona ya karakana ya mumewe, aliuzoea mlio ule hata akawa hausikii tena.

Ili damu isigande kwenye chuma kile, fundi alimeza kidonge kila siku na kwenda kliniki kupimwa damu. Vidonge vilimchosha. Akijichoma sindano kidogo tu, damu ilikuwa haikati upesi. Kuna siku ilichuruzika ikachafua kitambaa cheupe cha kochi la mteja, akabaki ameduwaa, kidole mdomoni.

Dada yake mkubwa ndiye aliyeleta njia nyingine. Aliuza vyakula vya afya, na presha yake mwenyewe ilikuwa imeshuka tangu apunguze chumvi. Hakuwa tapeli. Aliyaamini maneno yake.

"Mdogo wangu, utakula madawa mpaka lini?" aliuliza, akipanga chupa juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Kitunguu saumu kinafanya damu iwe nyepesi. Tangawizi vilevile. Na hii ni juisi ya bitiruti."

"Wifi, daktari anajua?" mke aliuliza.

"Daktari atakubali vipi? Naye anataka kula." Alicheka, na fundi akacheka.

Vidonge vikapandishwa juu ya kabati. Mwanzoni fundi alinawiri. Alinuka kitunguu saumu hadi wateja wakawa wanaongea naye wakiwa mlangoni. Alipojichoma tena, damu ilikata papo hapo.

"Umeona?" alimwonyesha mkewe kidole. "Nimepona."

Mkewe alikitazama. "Kama damu imekuwa nyepesi, mbona imeganda haraka hivyo?"

"Wewe nawe. Hata uzima unautilia shaka."

Swali lile lilimkaa rohoni, akalimeza.

Mchana mmoja umeme ulikatika. Cherehani ikanyamaza, karakana ikawa kimya, na mke akajikuta ametega sikio. Hakusikia kitu. Aliinuka taratibu, akaweka sikio mgongoni kwa mumewe. Mlio ulikuwepo, lakini kwa mbali, kama uliofungwa ndani ya blanketi. Pumzi ya mumewe ilikuwa fupi, ingawa alikuwa ametoka kubeba mto mmoja tu wa kochi.

"Baba watoto, twende hospitali."

"Nimalizie hili kochi kwanza."

"Twende sasa hivi."

Aligeuka ili ambishie. Nyundo ikamponyoka. Akaitazama sakafuni kana kwamba ni ya mtu mwingine, na alipofungua kinywa, upande mmoja wa mdomo haukumfuata.

Hospitalini madaktari walikuta damu imeganda kwenye vali, na kipande kimekwenda kichwani. Walimpasua. Daktari, mama mmoja mpole aliyeonekana hajalala, alimwambia mke, "Kitunguu saumu ni chakula kizuri, lakini hakiwezi kazi ya kidonge kile. Hakuna chakula kinachoiweza."

Fundi aliishi. Mkono wa kulia haukurudi, na maneno yalimtoka moja moja, kwa jasho.

Wifi alikuja wodini mikono mitupu. Alikaa pembeni ya kitanda muda mrefu.

"Nilitaka apone," alisema.

"Najua, wifi."

Hapo dada mtu akanyanyua uso, na mke akaona umebadilika.

"Kuna kinyozi mmoja, mteja wangu. Naye ana chuma moyoni. Nilimwambia aache vidonge."

"Mpigie."

"Nimepiga tangu asubuhi. Hapatikani."

Wakaondoka pamoja, karibu wanakimbia. Kinyozi walimkuta kibandani kwake, mzima, akimnyoa mtu ndevu, simu imeisha chaji. Wifi aliingia moja kwa moja. Alimwambia kila kitu mbele ya mteja wake, bila kujitetea, na kumsihi aende kliniki leo hii.

Kinyozi aliuweka wembe chini.

"Mimi nitakwenda," alisema polepole. "Lakini mama, maneno yako nimeyapeleka mbali. Pale kliniki tulikuwa tunakaa benchi moja, watu wengi. Nao wameacha vidonge, na sijui wanakoishi."