Mtoto wa Mfalme Aliyevunja Neno

...na mfalme akivunja neno, wale mateka wanafanyiwa nini, ndivyo alivyouliza yule binti, kalamu iko juu ya daftari, macho makubwa yasiyojua lolote yamemkazia, na Octave alikuwa na jibu, alilijua vizuri, hata ukurasa wenyewe aliukumbuka, upande wa kushoto, chini kabisa, lakini badala ya kulitoa akajifanya anafikiri, akainua kikombe, kumbe kitupu, akakirudisha taratibu karibu na simu, simu aliyoilaza kifudifudi tangu alipoingia, kana kwamba habari ikilazwa kifudifudi haifiki... saa nne na nusu, saa ya ukutani ya Mama Lois ilisema hivyo, na saa za Johannesburg na saa za kule kwao ni zilezile, saa nne na nusu hapa ni saa nne na nusu kule, bado saa moja na nusu... "Mwalimu?" akasema Lois, "I mean, si walikuwa wageni tu? Umesema walikula na mfalme," na kutoka jikoni mama yake akapaza sauti, "Kwa Kiswahili, Lois! Mwalimu hajatoka La Rochelle, kule kusini mwa jiji, asubuhi yote hii kuja Midrand kusikiza Kizungu!" na harufu ya chai ya maziwa ikaingia pamoja na ile sauti, mwanamke mwema huyu Kagendo, Mmeru wa Kenya anayefanya kazi benki, asiyependa kitu kipotee bure, mtoto anakwenda Dublin mwezi wa tisa kusoma, basi asiingie mji wa watu bila kujua nani aliutawala, na asiondoke bila Kiswahili cha kwao, na siku ile Kagendo alipomkuta mlinzi wa geti la mtaa wao, ndiye Octave, anasoma kitabu kinene cha historia hakwenda kumshtaki kwa meneja, alimwuliza tu, wewe ulikuwa nani kabla ya hii yunifomu, Octave akasema, mwalimu, Mama, mwalimu wa historia kule Kivu, na hilo lilikuwa kweli, lakini hakusema mtoto wa mwami, hilo husemi getini, watu wangevunjika mbavu, mtoto wa mfalme kazi yake kuwainulia watu kizuizi cha magari.

Na kitabu chenyewe kiliachwa getini na mpangaji aliyehama, wafalme wa Ireland wa miaka elfu moja iliyopita, Octave alikianza kwa kukosa la kufanya akakimaliza kwa kicheko, maana ilikuwa kwao kabisa, wafalme kama utitiri, kila bonde na wake, huyu ana ng'ombe wengi, yule ana kivuko cha mto, wote wanaitwa wafalme na wote wanamwogopa mwingine, na katikati yao wageni waliokuja na silaha wakakaa Dublin, wakaoa, wakazoea, wakawa nao ni wafalme, alicheka kweli, akasema huyu ni baba, huyu hapa ni jirani yetu wa ng'ambo ya mto... baba, mwami wa milima mitatu na barabara moja, na kama si ile barabara wenye bunduki wasingemjua hata jina. Asubuhi hii walikuwa wamefika kwa Sitric, yule mfalme wa Waviking wa Dublin, jinsi Brian, mmoja wa wafalme wakubwa wa Ireland, alivyompiga vitani, akakimbilia kaskazini, kila mlango aliobisha ukafungwa, akarudi kichwa chini, akatoa mateka, Brian akamrudishia mji wake, na Lois akashika mdomo, "Eish, so ali-give watoto wa watu? Just like that?" na Octave akamwambia ndivyo, ndiyo ilikuwa desturi, neno la mfalme halikuaminiwa hivihivi, lilitaka mtu wa kulishikilia, mtoto wa mkubwa anakwenda kukaa kwa yule anayeogopwa, anakula mezani, anavaa vizuri, hapigwi, mradi neno la baba yake linasimama, alilisema hilo kwa sauti ileile ya darasani, akajishangaa, ulimi una roho yake, unafundisha tu, hata siku kama hii...

...maana nao wenye bunduki walikuja kwao hivyohivyo, mwaka jana, mwezi wa pili, wakawaita wami wote wa upande ule, kila mmoja alete mwanawe wa kwanza, atakaa nasi, atakula tunachokula, hatapigwa, mradi kule kwako barabarani pasirushwe hata jiwe, na baba akavua kofia akawaambia, wangu wa kwanza alikufa Johannesburg, bado tunamlilia. Uongo mtupu, wa papo hapo, mzee asiyejua kudanganya hata bei ya mbuzi, na ili uongo usimame ikabidi afanyiwe matanga, na mwili ulikuwa getini Midrand unainua kizuizi, basi wakazika shina la mgomba, kama kwao wanavyomzikia aliyefia ugenini mwili usirudi, wakalivika shati lake la ualimu, la mistari, na dada yake Orpha akampelekea video, na Octave akaitazama chumbani kwake La Rochelle amekaa kitandani na sahani ya ugali mapajani, akacheka, ndiyo, alicheka mpaka machozi, shangazi alivyojitupa chini, kasisi alivyosifu bidii yake ya shule, na Placide mdogo wake mbele kabisa, ameshika ncha ya lile shina begani, amejing'ata midomo asicheke mbele ya wenye bunduki... akairudia mara tatu ile video, akaenda kulala akiwa na amani, akili ya baba, alisema, kawaweza. Na hakuna hata mmoja wao, si baba, si Orpha, si yeye aliyesoma historia vyeti vitatu, aliyekaa akawaza kwamba mkubwa akifa, anayemfuata ndiye mkubwa, wiki mbili tu baada ya kuondoa matanga wakarudi, wapole, wakatoa pole, wakauliza, sasa mkubwa ni nani hapa, na Placide alikuwa palepale uani anapasua kuni, miaka kumi na tisa, wakaondoka naye.

"Chai inachemka, Mwalimu, dakika moja tu," sauti ya Kagendo, na yeye akaitika, "Aksanti, Mama Lois," akaisikia sauti yake imetoka nzima, haina ufa, ajabu... na ya leo alfajiri ya Orpha haikuwa nzima, saa kumi na mbili, ujumbe wa sauti, kelele za jogoo nyuma yake, akimwita Yaya kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa, "Yaya, usitelefone. Papa anasema usitelefone hata kidogo, we ulishakufa. Bale bijana ba kwetu balishambulia kizuizi chabo cha barabara siku ya pili ya juma, bakakimbilia mu pori. Sasa beko banasema Papa alivunja neno. Balimupa mupaka saa sita ya leo alete bale bijana. Atabatosha wapi? Ameenda kwa miguu, ameenda kubaomba juu ya Placide. Usitelefone, Yaya. Nitakuandikia," na baada ya hapo kimya, ameusikiliza mara ngapi, ndani ya teksi, kwenye kituo, getini alipokuwa anaandikishwa na mlinzi mwenziwe kama mgeni, na kila mara alitafuta ndani yake mahali pa kushika, apige simu, simu ya nani, maiti haipigi simu, aende, aende vipi, na akifika akasema nipo hai, nichukueni mimi, ndiyo watajua baba aliwadanganya tangu mwanzo, badala ya neno moja lililovunjika yatakuwa mawili, na Placide yuko mikononi mwao... amwambie mchungaji wa pale La Rochelle, mchungaji ataomba, ameomba mwenyewe tangu saa kumi na mbili, amwambie huyu mwanamke mwema jikoni, atalia, atazima jiko, atauliza nifanye nini, na hakuna cha kufanya, yeye Octave yuko salama, ndilo balaa lenyewe, yuko salama kabisa na hawezi kumsaidia yeyote, mkubwa wa nyumba, mrithi wa milima mitatu.

Na jibu liko upande wa kushoto, chini kabisa, mateka ambaye neno la kwao limevunjwa hatolewi ukumbini, hapana, anahamishwa tu, anapelekwa kona, anatiwa pingu, anakaa hukohuko karamu inaendelea, anasikia vicheko vilevile, na uhai wake si wa baba yake tena, ni wa yule aliyemshika, akitaka amwachie, akitaka amuue, na hakuna sheria ya kumuuliza. Alipolisoma hilo pale getini alilipigia mstari kwa kalamu, akaona ni jambo la kuvutia, jambo la kuvutia, Mungu wangu... na sasa, mbele ya kalamu ya mtoto wa watu, akaitazama ile sala yake ya tangu alfajiri, akaifunua kama mtu anayefunua sufuria, Bwana mwokoe Placide, Bwana walainishe mioyo, na chini yake, chini kabisa, palipoungulia, akakuta maneno mengine aliyokuwa akiyasema muda wote bila kuyasikia, asante kwamba si mimi. Akataka kuyakana. Hayakukanika. Ndiyo aliyoyachekea mwaka jana na ile sahani mapajani, ndiyo yaliyomlaza kwa amani, na baba aliyajua, baba kule milimani alikuwa na watoto wawili wa kiume mbele yake akaliweka shati moja kaburini na mmoja akampa kazi ya kulibeba, akachagua, mzee asiyejua kudanganya alichagua, na yule aliyechaguliwa kuokolewa hastahili hata kupiga simu.

Simu ilikuwa bado kifudifudi. Hakuigusa, akajua hataigusa, akajua pia kwamba anaomba isilie akiwa kwenye meza hii, mbele ya mtoto huyu, imwache kwanza afike barabarani, na ombi hilo akaliona jinsi lilivyo, akaliacha hapo. "Mwalimu," Lois akasema, taratibu sasa, "uko sawa? Nimeuliza vibaya?" kalamu bado juu ya daftari, na Octave akavuta pumzi, akasema, "Hujakosea, mwanangu. Lisome tena swali lako. Polepole," naye Lois akaketi wima, akapanga maneno moja moja kama anayepanga vikombe vya watu: "Mfalme akivunja neno, mateka wanafanyiwa nini?"

"Vizuri sana, mama!" akaitikia Kagendo kutoka jikoni. "Sasa hicho ndicho Kiswahili!"